Mhariri, msituambie tupake oili chafu kwenye tuta la mboga

Ndugu Mhariri, salamu kwako na kwa wote mnaoshinda hapo ofisini mkituandalia gazeti. Mi msomaji wenu wa siku nyingi, ila gazeti nalisomea gengeni, mwenye genge ndo ananunua mi naazima nikishamaliza kukata vitambaa vya asubuhi, kwa hiyo mkilia mauzo yanashuka mjue na mimi nimo. Leo naomba nafasi ukurasa wa barua. Kama ni ndefu kateni mnapotaka, ila kile kipande cha oili chafu naomba kibaki.

Wiki mbili zilizopita kwenye ule ukurasa wenu wa nyumba na familia mlitoa makala ya kutengeneza tuta la juu la mboga nyumbani, wengine wanaita bustani ya boksi. Picha nzuri mno. Sanduku la mbao limepigwa randa linang'aa, saladi zimejipanga, na mama kavaa gauni jeupe anamwagilia. Nikacheka peke yangu mpaka mwenye genge akauliza kuna nini, nikamwonyesha, na yeye akacheka, akasema huyo akimaliza kumwagilia gauni linaenda kwa dobi. Sawa, picha ni picha. Tatizo ni maelezo yake, mmeandika mbao zipakwe oili chafu ya gereji mara mbili ili mchwa wasile, halafu jaza udongo, mwaga mbegu, wiki ya 4 unavuna. Basi, makala imeisha. Sasa hiyo oili mi nilishaipaka, na karibu kila kitu ambacho hamkukiandika kimenipata, ndo maana nimeshika kalamu.

Mimi ni fundi cherehani, napanga huku Kinyerezi. Uwani tuna kipande kidogo kati ya ukuta wa jirani na kamba ya kuanikia nguo, na cherehani yangu iko barazani, kwa hiyo kutwa nzima macho yangu yako kwenye hicho kipande. Nilianza kama wanavyoanza wengi, Februari 2024 nikapiga jembe chini, nikamwaga mchicha, ukaota vizuri tu, tukachuma mara mbili. Ikaja ile masika ya 2024, ile ya Aprili, nadhani hakuna mtu wa Dar aliyeisahau. Sisi tuko kwenye mteremko, maji yakitoka juu yanapita uwani kwa watu kama yana miadi na mto Msimbazi, na mvua ikikolea kuna watu huko juu wanafungulia vyoo vyao viende na maji, hili kila mtu analijua na hakuna anayelisema. Asubuhi moja naamka, mchicha wote umelalia upande mmoja kama nywele zilizochanwa na kitana, na harufu ile. Mama watoto akaung'oa wote bila kuniuliza akautupa. Akasema tunakwepa mchicha wa bondeni sokoni kwa ajili ya maji machafu, halafu bonde limetufuata mpaka mlangoni.

Hapo ndo nikaanza kufikiria tuta la juu. Sikutafuta urembo, nilitaka mboga ikae juu ya maji ya watu. Hilo nalo kwenye makala yenu halimo, mmesema tuta la juu linapendezesha nyumba.

Ilibidi kwanza nimwone mwenye nyumba, maana mpangaji hujiamulii tu. Akaja akasimama na bakora yake, akaniuliza, "Fundi, unataka kunichimbia nyumba?" Nikamwambia hapana mzee, sichimbi, naweka juu, siku nikihama nabeba kila kitu unabaki na uwanja wako. Akafikiria, akasema sawa ila maji yasielekee kwenye msingi. Wapangaji wenzangu mnaosoma, lichukueni hilo neno, "sichimbi naweka juu", limenisaidia kuliko ahadi ya mboga za bure, ingawa na mboga za bure nilimwahidi.

Kupima ndo kazi yangu kwa hiyo hapo sikubahatisha. Upana futi 4, usizidishe, kwa sababu ukisimama upande mmoja mkono wako unafika futi 2 bila kukanyaga ndani, ukizunguka upande wa pili unamalizia zile nyingine 2. Udongo wa tuta haukanyagwi, ukishakanyagwa unashindiliwa na mizizi inakosa hewa. Kama tuta umeliegemeza ukutani basi upana uwe futi 2 au 2 na nusu tu, maana unafikia upande mmoja. Urefu nikaweka futi 8, kina futi 1. Kuhusu jua nilikaa kwenye cherehani siku 3 naangalia kivuli cha ukuta kinavyotembea, nikaona sehemu ya katikati inapata jua kuanzia saa 2 asubuhi mpaka saa 8 mchana, halafu kivuli kinaingia. Masaa 6 yanatosha kabisa kwa mboga za majani, na lile jua kali la saa 9 la kiangazi cha Dar heri likakosekana tu.

Mabanzi nikanunua kwa wapasua mbao, nikagonga misumari mwenyewe, nikaenda gereji nikapewa oili chafu bure, wao wanafurahi mtu akiwaondolea, nikapaka ndani na nje, mara mbili, vile vile mlivyokuja kuandika nyinyi. Nikajaza, nikapanda, nikamwagilia. Siku ya tatu asubuhi nimemwagilia maji mengi kidogo yakatuama pembeni karibu na banzi, nikaona juu ya maji kuna rangi rangi, bluu, zambarau, njano, zinacheza kama zile unazoziona kwenye dimbwi la kituo cha mafuta. Nikainama nikagusa udongo wa pembeni nikanusa, gereji tupu. Kuna bibi nyumba ya nyuma, mtu wa Lushoto, huko kwao mboga ndo maisha, akawa anaangalia juu ya ukuta. Akaniuliza, "Baba, na hiyo rangi ya upinde wa mvua nayo utaichuma?"

Niliona aibu sana Mhariri. Oili iliyokwishatembea kwenye injini si ile iliyotoka kwenye kopo, imebeba vumbi la vyuma vilivyosagika na kemikali zinazotokana na kuungua kwa mafuta, baadhi yake ndo zile zinazohusishwa na saratani. Ukiipaka kwenye nguzo ya uzio hiyo ni shauri yako na nguzo, lakini ukiipaka kwenye banzi linalolala na udongo unyevu kila siku, inashuka, na mchicha mizizi yake iko hapo hapo. Nikang'oa yote. Udongo wa pembeni nikautoa upana wa shubiri nzima nikautia kwenye viroba, mabanzi yenye oili tukamzibia mwenye nyumba uzio wa mbele, nikaanza upya na mabanzi makavu yasiyopakwa kitu.

Na kwa sababu najua mtu atasema basi nitanunua mbao za dawa, zile za rangi ya kijani kijani tunazoezekea, naomba hapo pia muwe makini. Nyingi zimepigwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu, haina lugha nyingine. Marekani tangu mwisho wa mwaka 2003 walishaacha kuipiga kwenye mbao za matumizi ya nyumbani. Mbao hizo ziko sawa darini, lakini sanduku la kulimia chakula cha watoto tafuta kitu kingine. Mbao tupu itaoza, ndiyo, na ikioza utabadilisha.

Sasa tuje kwenye udongo, na hapa ndo hasira yangu kubwa iko kuliko hata kwenye oili. Nyie mmeandika "jaza udongo". Maneno mawili! Futi 8 kwa 4 kwa 1 ni futi za ujazo 32, ukizigeuza ni kama lita 900 na kitu, yani ndoo kubwa za lita 20 ndoo 45. Ndoo arobaini na tano za udongo, mtu anatoa wapi? Huku kwetu ukichimba unapata mchanga, Kigamboni ndo usiseme kabisa, maji unamwaga hapa yanaenda zake. Udongo mweusi inabidi ununue kwa wale wa bustani za barabarani, uje na kirikuu, na bei ya kirikuu peke yake ilizidi mabanzi na misumari yote. Mtu akisoma makala yenu anatenga hela ya mbao, akimaliza sanduku anabaki nalo tupu uwani, baadae kuku wanatagia humo. Nimeyaona mawili mtaani kwetu, siwataji.

Mi nilichanganya hivi, udongo mweusi ndoo 3, samadi ya ng'ombe iliyooza ndoo 2, mchanga ndoo 1, narudia mpaka lijae. Samadi iliyooza nasisitiza, ukiishika isiwe ya moto wala isinuke, iwe inameguka kama udongo. Ya kuku ni kali zaidi, ukiiweka mbichi inaunguza miche yote, lazima uirundike ilale miezi 2 hivi ukiigeuza geuza. Chini kabisa kabla ya kujaza nilitibua ile ardhi kwa jembe kidogo tu ili maji yapate pa kupita, mwenye nyumba hakuona. Jamaa mmoja alinishauri nitandike nailoni chini magugu yasipande, nikamkatalia, na nilikuwa sahihi maana yeye la kwake lilikuja kugeuka bwawa.

Lakini kuna sehemu sikuwa sahihi. Udongo haukufika juu, ulipungua kama inchi 3, hela imeisha. Nikaona fundi seremala jirani ana maranda gunia zima anataka kuyachoma, nikayaomba, nikayachanganya humo humo, nikajisifu nimeokoa hela. Mchicha ukaota, ukafika urefu wa kidole ukasimama. Majani njano, yale ya chini njano kabisa. Nikaongeza maji, njano. Nikapunguza maji, njano. Bibi wa Lushoto akaja safari hii akapitia mlangoni kabisa, akachota udongo kwenye kiganja akautawanya kwa kidole gumba, akatoa randa moja jeupe bado bichi akanionyesha hakusema kitu. Baadae nikaelewa, vile vidudu vya kuozesha mbao vinataka naitrojeni ili vifanye kazi, na vinaichukua kwenye udongo ule ule, mmea unabaki na njaa. Vikishamaliza kuozesha inarudi, lakini hiyo ni miezi, na mchicha maisha yake ni wiki 4. Maranda yaliyotoka kwenye banda la kuku yakarundikwa yakaoza hayo sawa, lakini ya kutoka kwenye randa moja kwa moja usichanganye ndani, ukiwa nayo tandaza juu tu kuzuia jua. Mi niliokolewa na maji ya samadi, unaloweka samadi kwenye ndoo siku kadhaa, unachuja, unaongeza maji mpaka yafanane na chai ya rangi nyepesi, unamwagilia kwenye shina. Siku kumi kijani kikarudi.

Nimefika kwenye maji, hapa nitakuwa mfupi ingawa ndo panatutesa zaidi. Tuta langu kiangazi linakunywa ndoo moja ya lita 20 kwa siku, nusu asubuhi na mapema, nusu jioni. Maji ya mgao yakikatika tunanunua ya kisima, na visima vingi vya Dar maji yake yana chumvi, unaijua mwenyewe kwenye sabuni haitoi povu. Nilimwagilia ya chumvi kama mwezi mzima mfululizo, udongo juu ukaweka ganda jeupe kama sufuria iliyochemshiwa maji miaka, na chainizi pembe za majani zikaungua zikawa kahawia, unazishika zinavunjika. Spinachi hazikujali hata kidogo, zilinawiri, nimekuja kujua ziko ukoo mmoja na bitiruti ambao unavumilia chumvi. Kwa hiyo mwenye kisima cha chumvi aanze na spinachi, chainizi asubiri mvua. Na ukimwagilia maji ya chumvi usinyunyize nyunyize, mwaga yashuke, halafu siku maji yasiyo na chumvi yakija osha tuta kwa ndoo 2 au 3 chumvi iende chini. Sa hivi nimefunga gata kwenye bati, chini nimeweka pipa, vuli ikinyesha Oktoba mpaka Desemba nakuwa tajiri.

Mabanzi yale makavu yalikaa mwaka mmoja na nusu hivi. Mwisho wa mwaka jana nimeegemea upande mmoja ili nifikie bamia, banzi likaingia ndani kama biskuti kwenye chai. Nje zima, ndani mchwa wamekula lote wameacha ganda na udongo wao. Na nikuambie kitu Mhariri, nilienda kuangalia yale ya oili kwenye uzio wa mwenye nyumba, na yale pia chini wamekula, wamepita kwenye mpasuko ambako oili haikuingia. Kwa hiyo hata hiyo kazi mliyoisifia haifanyi.

Nikaachana na mbao. Nikanunua tofali za bloku 16, zile za inchi 6. Nikazilaza bila saruji, upande mrefu tofali 5, upande mfupi 3, kila kona tofali la upande mmoja linaziba kichwa cha tofali la upande mwingine, ukizunguka hivyo ndani unabaki na futi 7 kwa futi 4 kamili, kina inchi 9. Linaingia ndoo kama 30 tu, na udongo wa tuta la zamani ulikuwa umeshashuka unatosha hapo hapo. Inchi 9 zinatosha mboga zote za majani na bamia na nyanya pia, kwa sababu chini kuko wazi mizizi inaendelea. Kazi ilikuwa ya saa moja na nusu, mimi na kijana wangu wa darasa la sita. Mwenye nyumba alipita akagonga tofali kwa bakora, akasema, "Haya sasa ndo ya mtu mzima." Siku nikihama, zinaingia kwenye guta safari moja. Nikiangalia nyuma, ningeanza na tofali tangu siku ya kwanza ningekuwa mbele hela nyingi, lakini kwenye picha tofali la bloku halipendezi, naelewa.

Kwenye kupanda sina mengi ambayo watu hawayajui, ila mbegu za mchicha ni ndogo kama nukta, ukizimwaga kwa mkono mtupu zinaanguka rundo moja hapa na pengine hakuna kitu. Changanya na mchanga mkavu, kijiko kimoja cha mbegu kwa kikombe cha mchanga, halafu chora mistari kwa kidole umimine kama unaweka chumvi, funika kidogo sana, tandaza majani makavu, siku ya 3 mpaka ya 5 ukiona vinachungulia ondoa majani jioni. Zungushia jivu, sisimizi wanabeba mbegu wanapeleka kwao. Mimi simwagi tuta lote siku moja, nagawa mara 3, leo theluthi, baada ya siku 10 nyingine, baada ya siku 10 nyingine. Ukimwaga lote utakula mchicha wiki nzima mpaka watoto wakuchukie, halafu wiki 3 unarudi gengeni. Matembele nimeyaweka pembeni yatambae nje ya tofali, pando moja urefu wa futi moja hivi, unafukia vifundo viwili vitatu, hayahitaji ufundi. Chainizi nasia kwenye kopo la rangi lililotobolewa chini, wiki ya 4 nahamisha jioni, kila mche futi moja na mwenzake. Miche 4 ya nyanya nimeiweka mwisho wa tuta ule upande isiwatilie wenzake kivuli, ni mbegu ya Tengeru 97, ya hapa hapa nyumbani ilitoka Tengeru Arusha, ganda lake gumu gumu haiharibiki haraka. Nazifunga kwenye fito kwa vipande vya vitambaa vya wateja, kuna nyanya moja imevaa kitambaa cha sare ya harusi ya mtu, sitasema ya nani.

Vidukari vikija natwanga majani ya mwarobaini, naloweka usiku kucha, nachuja, naweka sabuni ya maji kidogo, napuliza jioni chini ya majani maana wanajificha huko. Inabidi urudie kila baada ya siku chache, haiwi mara moja. Wadudu sio shida kubwa kusema ukweli. Shida ni kuku wa jirani. Kuku akiingia kwenye udongo laini wa tuta dakika 5, kazi ya wiki 2 kwisha, na si mchicha anaoufuata, anachakura tu kwa raha zake. Nimezungushia neti kuukuu iliyotoboka toboka ambayo hata mbu walikuwa hawaiheshimu, msije mkaandika nimechukua neti mpya ya serikali.

Mtaniuliza inalipa? Fungu la mchicha gengeni ni shilingi 500, familia yetu ya watu 5 tulikuwa tunanunua mafungu mawili karibu kila siku. Sasa hivi tunakula la kwetu kama siku 4 kwa wiki, kipindi kizuri. Ukipiga hesabu ya tuta la kwanza na la pili na oili na kirikuu na maji ya kununua, mwaka wa kwanza nilikula hasara, mwaka wa pili nimeanza kuona unafuu. Mtu anayewaambia utaanza kuokoa hela mwezi wa kwanza hajawahi kununua udongo. Asiye na hela ya ndoo 30 asijilazimishe, achukue viroba 3 vya unga, avijaze mchanganyiko ule ule, apande spinachi juu na pembeni atoboe matundu apande mchicha, Kibera kule Nairobi watu wanalima kwenye magunia miaka mingi hata uwanja hawana.

Ombi langu kwenu ni dogo. Kwanza mtoe sahihisho la ile oili, liwe ukurasa ule ule wa nyumba na familia, msilifiche kule nyuma kwenye matangazo ya vifo. Kuna watu wameshakata ile makala wameibandika jikoni, mmoja ni mteja wangu, nimempigia simu Jumapili kabla hajaenda gereji. Pili, mkiandika tena kuhusu tuta andikeni na bei ya udongo.

Na kama mtataka picha ya tuta la bloku lisilopendeza, mtume mpiga picha, nipo kila siku isipokuwa Ijumaa mchana. Aje jioni kama saa 11 hivi kabla sijamwagilia, aulize fundi mwenye nyanya zilizovaa sare. Mlangoni afunge geti haraka nyuma yake, kuku wa jirani wanasubiri hapo hapo.

Fundi cherehani mpangaji,
Kinyerezi, Dar es Salaam